Kiganja cha Bagas

Ratih uko wapi. Acha yote usome hii.

Nilikuwa kibandani kwa Bu Tumi nyuma ya chuo, nasubiri wali wa kukaanga, nikaona nifanye mazoezi ya gitaa kidogo. Unajua najua wimbo mmoja tu, na vidole bado vinapotea njia.

Bagas wa kilabu cha muziki, aliyekaa benchi la pili na wenzake, akaniinulia kiganja. Kile kiganja, Ratih. Kile tunachowainulia wapiga gitaa wa barabarani waende meza nyingine.

“Samahani dada, pita tu.”

Pita tu. Mimi, ninayesoma naye darasa moja. Benchi zima likacheka.

Sasa, wa barabarani akiinuliwa mkono huondoka. Mimi nilivuta kiti nikakaa mbele yake, nikaanza. Kila nikibadilisha vidole wimbo unasimama, natafuta nyuzi, yeye anasubiri. Angeenda wapi, wali wake ulikuwa bado jikoni.

Ukaiva. Bu Tumi akaja na sahani, akasimama nayo mkononi.

“Mama, chakula changu,” Bagas akasema.

“Kiko tayari, mwanangu. Wimbo ndio bado.”

Basi nikaurudia kutoka mwanzo.