Ng'ombe wa Ambakisye

Mjukuu wangu na mume wangu Lusajo,

Huku Ibighi tu wazima, ila mvua imekataa kukatika na shangazi yako bado anaringia jiko la gesi asiloliwasha. Umeniuliza kama kwenye fomu ya kuongezewa muda wa mkopo wa nyumba uitaje ruzuku unayopokea, au uifiche. Hata mimi suala hilo linanichanganya.

Kuna mwaka nyumba hii ilikuwa rehani, nami nilikuwa kwenye orodha ya ruzuku ya kaya maskini. Afisa mikopo alikuwa anakuja kuona kama nina uwezo wa kulipa. Nikaazima ng'ombe wa jirani yangu Ambakisye, nikamfunga mlangoni, mnene kama mchungaji wa kanisa. Asubuhi afisa alipofika, akatokea na mama wa ruzuku, kuhakiki kama bado ni maskini.

"Bibi, ng'ombe wa nani?" wakauliza wote wawili.

Nikisema wangu, ruzuku inakwenda. Nikisema si wangu, nyumba inakwenda. Nikamtazama ng'ombe, labda angejibu mwenyewe.

"Wa Ambakisye," nikasema. "Mimi nina migomba, na hiyo ruzuku."

Afisa akacheka. "Kumbe kuna kipato cha kuandika!" Akaligawa deni kwa miezi mingi zaidi. Mama naye akaniacha kwenye orodha.

Mpaka leo sielewi kilichoniokoa ni ukweli au umaskini. Wewe andika ulivyo. Ng'ombe wa Ambakisye siku hizi hakubali kufungwa kwangu.

Mkeo mkubwa,
Bibi