Kisanduku cha Ukuta wa Kaskazini

Jumatatu, 6 Oktoba
Wamemchagua Ingunn wangu! Mafundi mawe wanane, wanaume na ndevu zao, na aliyepewa ukuta wa kaskazini wa kanisa letu ni binti yangu — na mimba yake ya miezi saba! Miaka mia nane na ushee ukuta ule umesimama, unene hatua mbili. Nimemwambia mwenye duka, nimewaambia wa posta. Torleif, mtunza kanisa, kanicheka: Borghild wee, kesho utasema ni yeye aliyelijenga! Wivu tu. Wanawe hata msumari hawajui kupigilia.

Jumatano, 8 Oktoba
Ingunn amefungua mlango wa kale uliozibwa kwa mawe katika ukuta ule, upande wanakokaa wanawake. Kati ya mawe ya nje na ya ndani, katikati ya kifusi — kisanduku cha mbao, urefu wa mkate. Torleif akavua kofia. Zamani, anasema, mtoto aliyezaliwa mfu, hajabatizwa, makaburini hapokelewi. Mama yake alimficha ukutani ili asikie sala. Kirudisheni leo hii! Ingunn akacheka: tulia mzee, wataalamu wa mambo ya kale wanakuja Jumatatu. Akakiweka kwenye benchi la nyuma.

Alhamisi, 9 Oktoba
Fundi hugonga ukuta kwa mpini wa nyundo, asikie lipu iliyoachana na jiwe. Ingunn hugonga mara tatu. Leo amejibiwa. Mara tatu. Mwangwi huo, mama, anasema. Mwangwi! Nimesali humo miaka sitini, sijausikia.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mjukuu hachezi tumboni. Tangu kisanduku kitoke! Hospitali wamesema moyo unapiga, amelala tu. Nimempikia Ingunn nyama ya kondoo na kabichi. Hakuigusa.

Jumamosi, 11 Oktoba
Naandikia hapa hapa kanisani, mchana kweupe. Ingunn amekubali: kirudi. Torleif anakoroga chokaa. Nimekipakata kisanduku — chepesi, kama hakina kitu. Nimekisomea Baba Yetu.

Ingunn kagonga ukuta mara ya mwisho. Tatu.

Ukuta kimya.

Mapajani mwangu, ndani ya kisanduku — tatu.

Ingunn kashika tumbo, analia, anacheka: Mama, anacheza! Anacheza!

Torleif hakusikia kitu. Haya Borghild, kilete, chokaa inakauka. Amenyoosha mkono.

Sijampa.