Ufunguo wa Sanduku la Maoni

Mdogo wangu Rehema,

Marahaba, najua ungeniamkia. Huku Lushoto ukungu umeingia hadi ndani ya benki, nami nakuandikia nikiwa na koti mwilini.

Leo nimefungua sanduku la maoni la wafanyakazi wa tawi hili. Ufunguo alinipa meneja, maana yeye ndiye hukaa nao. Vikaratasi vyote vilianza hivi: "Shikamoo meneja. Hatuna shida." Nikafurahi, nikadhani nimekuta tawi lenye amani. Baadaye dada mmoja wa dirishani akanimenyea peasi nje, akasema taratibu, "Kaka, ulitaka tumshtaki kwake mwenyewe? Anatutukana mbele ya wateja, halafu anataka tucheke."

Rehema, agizo la ufunguo kukaa kwa meneja nililiandika mimi, nikiwa makao makuu. Niliona ndiyo heshima kwa mkubwa wa kazi.

Akaniambia akirudi nyumbani hufungulia bomba bafuni, watoto wasimsikie akilia. Nikaiweka peasi chini. Nilikumbuka bomba lako la bafuni nyumbani, miezi ile ya mwisho ulipokuwa ukifanya kazi benki, nami nagonga mlango nikikuambia unatumalizia maji.

Ufunguo naondoka nao, na maneno ya dada huyo nimeyaandika kama alivyoyasema. Peasi zako zimo kikapuni. Nikifika nitakuomba radhi mbele ya mama, kwa kuwa mbele yake ndipo nilipokuita mvivu ulipoacha kazi.

Kaka yako,
Idi