Ndege Wako Katikati

Nyemo mwanangu, mwalimu wangu,

Mbukwa, mama. Nakusalimu kwa salamu ya nyumbani kwa sababu huko wodini Dar es Salaam najua hakuna anayekusalimu hivyo. Nimeshika kalamu maana kwenye simu nikianza kulia wewe ndiye unayenibembeleza, na mgonjwa ni wewe. Si sawa.

Juzi uliponieleza majibu ulitumia ile sauti yako ya darasani. "Mama, tulia nikufundishe." Nikatulia. Ukasema mwili una askari wake wanaozunguka kwenye damu, na saratani ikiota kwenye pafu, askari hao huifuata. Kwa wagonjwa wengine wanaingia ndani kabisa ya uvimbe, na hao mara nyingi huwa na matumaini zaidi. Kwa wengine wanaishia pembeni. Nikakuuliza, "Wa kwako wako wapi?"

Ukanijibu: "Kile kinyama walichokata wamekitazama kwa hadubini. Askari wapo, mama, tena wengi. Ila wamejipanga pembezoni. Ndani wameingia wachache."

Nikasema asante mwalimu, nimeelewa. Nikakata simu nikakaa chini pale pale jikoni. Nilielewa kuliko ulivyodhani.

Unaukumbuka uwele wetu kule karibu na reli? Ulikuwa darasa la sita, umefunga shule na ripoti yako, wa kwanza darasa zima. Ndege kweleakwelea walikuwa wamekivamia kijiji chetu, Gulwe, na kila mtu alikuwa shambani tangu alfajiri kuwafukuza. Mimi nikaweka kigoda changu pembeni, penye njia, kwa sababu njiani ndiko watu wanakopita, na ripoti nilikuwa nimeifunga kwenye khanga. Kila aliyepita nilimsomesha. Jirani yetu Mama Yohana nilimsomesha mara mbili. "Huyu nimemzaa mimi, ambaye darasa la saba sikumaliza!"

Ukaja mbio, kombeo shingoni. "Mama, ndege wako katikati! Hapa tunafukuza wapita njia!"

Nikakuambia mtu wa kwanza darasani hawapigii wakubwa kelele. Mama Yohana akacheka mpaka akashika mbavu. "Mtoto kakuweza, shoga."

Tulipoingia katikati, masuke yalikuwa matupu, yamebaki makapi. Pembeni uwele umesimama vizuri, umejaa. Mtu akipita njiani angesema hawa mwaka huu wamepata. Ukaniangalia tu.

Na Krismasi iliyopita nikafanya yale yale. Ulikuja umepungua, unakohoa. Mama Yohana akaniambia, "Mpeleke huyo akapigwe picha ya kifua." Nikamjibu kwa kidomodomo changu kwamba mwanangu hajawahi kulala kitanda cha hospitali, sigara hajawahi hata kuishika, hilo ni vumbi la chaki na vumbi la Kongwa. Mimi nilidhani kinga ya mwili umeirithi kwangu, kama ulivyorithi urefu. Ukarudi Kongwa kufundisha, mpaka siku ulipokohoa damu mbele ya wanafunzi.

Hujanilaumu hata mara moja. Ungenifokea kama siku ile ya ndege, labda ningepumua.

Naogopa, Nyemo. Simu yako ikiita natumbukiza mikono kwenye unga ili nipate sababu ya kuchelewa kupokea. Kanisani bado najisifu, nasema mwanangu anatibiwa na mabingwa watupu, atarudi amenenepa. Watu wanaitikia amina, nami naitikia kwa sauti kuliko wote. Nimekuzaa wewe peke yako. Nikikuita "mwalimu" mbele ya watu huwa najiona nimevaa dhahabu, na sasa neno hilo likinitoka nasikia kama linaweza kuwa la mwisho.

Umesema kuna dawa ya dripu inayowafungulia askari njia waingie ndani. Umesema daktari anasubiri kipimo kimoja zaidi aone kama itakufaa, na hajaahidi kitu. Mlonge niliokutwangia ukanikataza nisiutume mpaka yeye aulizwe. Upo kwenye kopo, nimetii. Mimi, kumtii mtoto! Waambie wauguzi, hawataamini.

Wiki ya tatu sasa unaniuliza nakuja lini, nakujibu kuku, nakujibu shamba. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa kukuona umelala. Nimekaa tena pale penye njia na kigoda changu, nawasomesha wapita njia ripoti yako, na wewe uko kule ndani peke yako.

Mwaka ule uliofuata dungu tulilijenga katikati ya shamba, unakumbuka? Miti uliibeba wewe, na tukakaa juu tukipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Ndege walikula, siwezi kudanganya. Lakini tulivuna.

Mama Yohana atalisha kuku. Tiketi ya treni ninayo, naondoka kesho mchana. Barua hii simpi mtu, nitakuletea mwenyewe mkononi, kwa sababu nikikuona najua maneno yote yatanikimbia, na mimi si mtu wa kukosa maneno. Siku jibu la kipimo likisomwa nitakuwa nimekaa kitandani kwako. Nitakuwa natetemeka, usinicheke.

Nikiingia usijaribu kuinuka kunipa shikamoo. Lala hivyo hivyo.

Mama yako,
niliyechelewa kuingia shambani