Anwani za Wageni wa Mzee Chacha

Jumanne, Mugumu

Zimerudi tena, karibu nusu ya barua pepe nilizowatumia leo wageni waliowahi kulala kambini kwetu Manchira. Zile zilizorudi kwa kuwa sanduku la mtu limejaa nitazijaribu wiki ijayo. Zile ambazo anwani haipo kabisa ni za kufuta, na Mzee Chacha, mwenye kambi, nimemweleza hadi nimechoka.

“Mtu aliyekula kwangu simfuti,” alinijibu, akarudi kwa ng'ombe wake.

Kampuni inayotusambazia barua imeshatuonya. Tukizidi kutuma kwenye anwani zilizokufa itatufungia, na hata wageni walio hai hawatapata kitu. Vyumba vyenyewe vitupu. Sijui nitakula wapi kambi ikifungwa.

Jioni nimeanza kuzifuta kimya kimya. Ya kwanza kwenye orodha ni ya Ghati, binti wa Mzee, aliyeianzisha orodha hii kabla hatujamzika. Tangu msiba ilikuwa inarudi na ujumbe kwamba sanduku limejaa. Leo imerudi kwamba anwani haipo.

Mzee akapita mlangoni, akauliza kama anavyouliza kila nikituma, “Na ya Ghati?”

Nikamwambia bado sanduku limejaa.

“Basi jaribu tena wiki ijayo,” akasema.