Kuku Uliyeniachia, Mama

Mama yangu mpendwa,

Mlio ulionibakia kichwani ni wa ukucha wako ukigonga mfuniko wa kopo la maziwa. Ko, ko, ko, mara tatu, kisha unasubiri. Ndivyo ulivyomwita kuku wako ashuke kwenye mayai aje kula. Ndivyo ulivyoniita na mimi, mwaka tulipofika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kutoka Bukavu, nilipokuwa mdogo na kukataa chakula chochote cha hapa. Uligonga, nikafungua mdomo. Nilikua nikiamini kwamba mlio huo ni wangu, na kuku anaazima tu.

Unakumbuka asubuhi uliyoondoka? Dada Furaha alikuwa amejifungua kule Area 18, mjini Lilongwe, na ni desturi mama aende kumtunza mzazi. Hilo silipingi. Kuku alikuwa na siku mbili tu juu ya mayai, chini ya kitanda chako, katika beseni lililopasuka ulilotandika kitenge chakavu. Tulikuwa tumeyachora yote kumi na moja msalaba wa mkaa, ili kuku wa jirani akitaga humo tulijue yai geni. Ukafunga mzigo wako, ukasema, "Wiki tatu tu. Batoto ya kuku ikitoka, mi niko nimesharudi."

Jioni ile niliutafuta mfuniko nyumba nzima. Nilidhani nimeupoteza mimi.

Ukawa unapiga simu kila siku.

"Ule kuku iko anakula?"

"Iko anakula, mama."

"Na maji?"

"Anakunywa."

"Mungu asifiwe. Usimushike-shike, we! Atachukia mayai."

Halafu salio linakwisha. Siku tisa hukuniuliza kama mimi nimekula. Nilimwonea wivu kuku, mama, cheka ukitaka. Nilimwekea pumba, nikabadilisha maji, nikazoa kinyesi chake, na kila nilipoinama nikamwona amejitandaza pale, macho nusu yamefumba, niliwaza: huyu amekaa tu, na anaulizwa hali.

Siku ya kumi, katikati ya maneno yako, nikasikia ko, ko, ko. Nikauliza ni nini. Ukacheka.

"Ni juu ya hii katoto ka Furaha. Inalia, ukigonga tu, inanyamaza."

Kumbe wewe ndiye uliyekwenda na mfuniko.

Kesho yake asubuhi nilimtoa kuku kwenye mayai, nikamweka nje, nikafunga mlango, nikaenda kufundisha. Nafundisha watoto wa watu sayansi. Nilijua vizuri yai linakufa kwa baridi. Niliporudi mchana nilimkuta jirani yetu, mama Riziki, amesimama uani, na kuku akisugua kifua kwenye mlango.

"We mwalimu, una roho ya namna gani? Huyu analia tangu asubuhi, na mi sina ufunguo!"

"Nilisahau, mama Riziki."

"Unasahau kuku, lakini mafuta ya midomo hausahau."

Nilipofungua, kuku alipita katikati ya miguu yangu, akaingia beseninі, akayavuta mayai kwa mdomo moja moja mpaka yote yakawa chini yake. Hakuchagua. Nilisimama nikimtazama na wivu ukanipanda upya, kwa maana mama wa namna hiyo sikuwa nimemwona.

Mayai sita hayakuanguliwa. Nilikuambia ni panya. Hapakuwa na panya.

Vifaranga watano walitoka, wiki tatu zikaisha, hukurudi. Wakaota mabawa, hukurudi. Sikuuliza, nikijua ungejibu kwa kunisimulia jino la mtoto. Kisha siku moja ukasema, kwa sauti ileile ya kuulizia maji na pumba, "Sasa batoto yake imekomaa, utume ule kuku. Furaha anywe supu, maziwa iongezeke."

Siku zote zile nilidhani unampenda kuku. Kumbe hata yeye alikuwa akitunzwa kwa ajili ya Furaha, na aliyemtunza ni mimi.

Jumamosi alfajiri nilipanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka sokoni Lumbadzi, nikanunua jogoo. Nilimchinja, nikamnyonyoa, nikamkata vipande vidogo usije ukamtambua, nikampa shemasi aliyekuwa anakuja Lilongwe. Jumapili ulipiga simu. Furaha amemaliza bakuli mbili, ulisema, na kuku wako alikuwa mtamu. "Kweli ulimulisha vizuri, binti yangu." Ilikuwa sifa yako ya kwanza tangu uondoke, nami niliipokea.

Kuku wako yuko hapa, mama. Mfuniko haupo, kwa hiyo namwita kwa makofi, na ameshazoea, anakuja mbio. Jana amerudi kwenye beseni. Mayai ni tisa. Nimeyachora msalaba peke yangu, na beseni nimelihamishia chini ya kitanda changu.

Ni mimi, binti yako mdogo, uliyemwacha na kuku.