Meli ya Irini Mbele ya Kaso

Kijiji cha Fri, Kisiwa cha Kaso
3 Mei 1998

Mwanangu Irini, Rinio wangu,
Hujambo? Mimi sijambo, ila goti tu. Miaka mitatu hujakanyaga hapa, tangu tumzike mama yako. Njoo sikukuu ya Bikira Maria, tarehe 15 Agosti.

Mkahawani nilisema umepata cheti cha unahodha. Manolis, baharia wangu wa miaka yote ile, akacheka mpaka kahawa ikammwagikia. "Minas, binti yako ataendesha meli au ataifua?" Nikalipa kahawa, nikaondoka. Nisamehe, mwanangu. Ilinipasa kumjibu.

Baba yako

Odesa, melini
6 Agosti

Shikamoo baba,
Goti linaendeleaje? Mimi mzima. Nahodha wetu ameugua, nimekabidhiwa meli! Shehena ya ngano, mabaharia ishirini na mmoja, twaenda Iskandaria. Kwa hiyo sikukuuni sitakuja. Ila tarehe 14 mchana nitapita mbele ya Kaso. Simama gatini unipungie. Manolis usimwambie, asije akakuzomea tena.

Binti yako Irini

Fri
20 Agosti

Mwanangu,
U mzima? Mkono ulioungua kwa kamba umepona? Siku ile uliondoka mbio, acha nikueleze tulivyoona sisi wa nchi kavu.

Boti ya wageni wa sikukuu kutoka kisiwa jirani cha Karpatho ilizimika injini, upepo ukaisukumia miambani. Manolis alikuwemo, akirejea nyumbani. Gatini wanawake wanalia. Mara meli yako ikageuka, ikajipanga kuwakinga na mawimbi. "Nahodha gani huyo?" akauliza mke wa mwokaji mikate. Mimi nikawa napunga kofia tu.

Ukawatoa wote kumi na tisa. Tulipowafuata kwa boti za uvuvi, nikapanda ngazi ya kamba ya meli yako. Mabaharia wako wakataka kunishika. "Niacheni! Naenda kumsalimu nahodha." Ukanipa dakika tano na kahawa mbaya kweli.

Kesho yake, watu wakila pilau uani mwa kanisa, Manolis akasimama. "Huyu binti nilimcheka. Jana nilimpigia saluti huku nalia, naye akaniuliza kama nasikia baridi."

Miaka arobaini nimekuwa Nahodha Minas hapa kisiwani. Sasa hata watoto wameliacha jina hilo, wananiita kwa lako. Nami naitika, tena kwa sauti.

Baba yake Nahodha Irini